Mlango wa Mashariki: Mahujaji wa Namugongo Wanapopita Busia na Tororo

Anayekuja kwa miguu kutoka Kenya kupitia Malaba huliona Jiwe la Tororo muda mrefu kabla ya kuuona mji wenyewe. Limesimama peke yake katikati ya tambarare, kilele chake kikiwa karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, na mji umejikunyata chini yake kwenye mita 1,200 hivi. Wataalamu wa miamba husema ni mabaki ya volkano ya kale: lava iliganda ndani ya koo la mlima, kisha mvua na upepo wa mamilioni ya miaka vikaumomonyoa mlima, koo likabaki. Kwa mahujaji waendao Namugongo, jiwe hilo lina maana ya karibu zaidi. Ukiliona, ujue milima umeimaliza. Kilichobaki ni mabonde ya Busoga, mto Nile, msitu wa Mabira, na miguu yako.

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei, barabara za Busia na Tororo hupata watembeaji wa aina yake. Mbele anatangulia kijana mwenye msalaba wa mbao au bendera ya parokia. Nyuma yake watu wanafuatana pembezoni mwa lami: akina mama wa jumuiya, watawa, vijana waliomaliza shule, wazee wenye mikongojo. Rozari inasaliwa huku miguu ikienda. Upande wa Kenya wanatoka Bungoma na Kakamega, Kitale na Eldoret, wengine Nakuru na hata Nyahururu, mwendo wa wiki mbili na zaidi. Upande wa Uganda wanatoka katika Jimbo Kuu la Tororo, ambalo eneo lake linaanzia mpakani Busia, linapita Mbale na kupanda hadi Kapchorwa na Bukwo, kwenye mabega ya Mlima Elgon. Wote wanataka kufika mahali pamoja ifikapo tarehe 3 Juni: Namugongo, kilomita 15 hivi kutoka katikati ya Kampala.

Yaliyotokea huko yanajulikana, lakini yafaa yakumbukwe kwa tarehe zake. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga II wa Buganda aliamuru Wakristo wauawe, na wanaokumbukwa kwa majina ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi walikuwa vijana waliotumika ikulu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kizito, mdogo wao kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akafunga safari mwenyewe hadi Uganda. Nchini Uganda tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa, na umati unaokusanyika siku hiyo hukadiriwa kupita watu milioni moja.

Namugongo ina kumbukumbu nyingine isiyosemwa vya kutosha. Katika miaka ya 1870, kabla ya Mwanga, Kabaka Mutesa I aliwaua vijana Waislamu kwa ajili ya msimamo wao wa dini, na ardhi hiyohiyo iliwapokea. Msikiti upo pale hadi leo.

Lakini kwa watu wa mpakani kuna sehemu ya kisa hiki inayowahusu wao hasa, na haianzii Namugongo. Inaanzia kwenye njia.

Wamisionari wa kwanza wa Buganda walifika kwa njia ya kusini: Bagamoyo, Tabora, kisha kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Ilikuwa ndefu, yenye homa na vifo vingi. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alikata nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Viktoria, akaonyesha kwamba kutoka Mombasa mtu anaweza kufika kaskazini mwa ziwa kwa kupitia nyanda za juu zenye baridi. James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika Mashariki ya Ikweta, akaona hiyo ndiyo njia. Julai 1885 aliondoka Rabai na msafara wa wapagazi. Oktoba akafika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo. Hapo aliwaacha wengi wa watu wake chini ya William Jones, mmoja wa Waafrika wawili aliowapa ushemasi mwaka uleule, akaendelea mbele na watu 50.

Kutoka Mumias kwenda Busoga hakuna namna ila kuukata ukanda huu ambao leo unaitwa mpaka. Hannington aliukata bila kugonga muhuri wowote, kwa sababu mpaka haukuwapo. Kilichokuwapo ni hofu. Huko Buganda iliaminika kwamba watakaoumeza ufalme wangetokea mashariki, na mwaka huohuo habari zilikuwa zimefika ikulu kwamba Wajerumani wanajitwalia ardhi pwani. Mzungu aliyetokea upande huo, hata kama ni askofu mwenye Biblia, alionekana kuwa mtangulizi wa jeshi. Chifu Luba wa Bunya, Busoga, alimkamata. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa kwa amri iliyotoka kwa Mwanga, pamoja na karibu wapagazi wake wote. Wachache sana waliponea chupuchupu wakarudi Mumias kumweleza Jones, ambaye alilazimika kuurudisha msafara Rabai bila askofu.

Majina ya wapagazi wale hayasomwi kwenye litania yoyote. Walikuwa watu wa pwani na wa bara, wenye mizigo vichwani, na walikufa kwa kumfuata mtu aliyewaongoza.

Kisa hakikuishia hapo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa ikulu na Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa kumuua askofu bila hata kumpa nafasi ya kujieleza. Tarehe 15 Novemba 1885 naye aliuawa, akawa wa kwanza miongoni mwa mashahidi wa Kikatoliki. Nafasi yake ya kuwaongoza vijana ikachukuliwa na Karoli Lwanga. Mwenye kufuata uzi huu ataona kwamba moto wa Namugongo ulichochewa, kwa sehemu yake, na swali la nani anaingia kwa mlango wa mashariki. Na mlango huo ni hapa. Mwaka 1892 Askofu Alfred Tucker aliichukua mifupa ya Hannington kutoka Mumias, ilikokuwa imepelekwa baada ya kifo chake, ikasafirishwa kwenda magharibi na kuzikwa Namirembe tarehe 31 Desemba. Hivyo askofu aliyeukata ukanda huu akiwa hai aliukata tena akiwa maiti, safari hii akafika alikokuwa anakwenda.

Katekista anayeongoza kundi lake kupitia Busia angefanya vyema kuwasimamisha watu kivulini na kuwasimulia habari hiyo. Mahujaji wengi hutembea wakiamini kwamba patakatifu panaanzia kwenye lango la Namugongo. Wale wa kutoka mashariki wanapakanyaga tangu nyumbani.

Mpaka wenyewe ulikuja baadaye, na ulikuja kwa kalamu. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kabla ya siku hiyo Mumias, Kisumu hata Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Kanisa lilichelewa zaidi kugawanyika. Wamisionari wa Mill Hill, waliokuwa na makao yao Nsambya, Kampala, ndio waliofungua misheni za kwanza za Kikatoliki Kisumu na Mumias mwanzoni mwa karne ya 20, na magharibi mwa Kenya haikupewa utawala wake wa kikanisa hadi mwaka 1925. Kwa hiyo bibi wa Busia upande wa Kenya anaposema mashahidi ni wetu, ana haki ya kihistoria. Wazazi wake walibatizwa na mapadri waliotumwa kutoka Uganda.

Jamaa nao hawakugawanyika. Wateso wako Malaba upande wa Kenya na Tororo upande wa Uganda. Wasamia wako Funyula na wako Busia ya Uganda. Jirani zao ni Wakhayo, Wagwe na Wajopadhola, na sokoni wote wanaelewana kwa Kiswahili cha mpakani. Hija ya Mei huonyesha ujamaa huu kuliko mkutano wowote wa viongozi: kundi kutoka Kenya linalala kwenye ukumbi wa parokia ya Uganda, na kabla giza halijaingia akina mama wa mtaa wameleta sufuria za uji, mihogo ya kuchemsha, karanga na chai. Hakuna anayeulizwa kitambulisho kabla ya kupewa kikombe.

Vitambulisho vinaulizwa getini, na hata hapo mambo yamekuwa mepesi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mwaka 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, mtu akakaguliwa mara moja badala ya mbili. Kwa kundi la mahujaji, nusu yao wakiwa wazee ambao miguu imevimba, saa moja isiyopotea kwenye foleni ni saa moja ya kulala.

Sasa tuirudie milima, kwa maana ndiyo sehemu ya hija hii isiyopigwa picha. Kamera husubiri Namugongo. Hazipandi Bukwo.

Bukwo iko kaskazini mwa Mlima Elgon, mlima wenye kilele cha mita 4,321. Kwa miaka mingi barabara kati yake na Kapchorwa ilikuwa ya udongo, na mvua zikishika, magari yalikwama. Mkazi wa Bukwo aliyetaka kufika Mbale, ndani ya nchi yake, alivuka kwanza Suam, akashuka Kitale nchini Kenya, kisha akarudi Uganda kwa mpaka wa chini. Barabara hiyo imewekwa lami miaka ya karibuni, lakini mteremko haukubadilika. Kapchorwa iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mbale iko kwenye mita 1,150 hivi, na kati yake njia inazunguka kwenye kingo za Sipi, ambako maporomoko matatu ya maji yanaruka kutoka kwenye miamba. Mei ndio mwisho wa masika. Udongo wa Elgon umeshiba maji, na wenyeji hawaufanyii mzaha: tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka Bududa ukakifunika kijiji cha Nametsi na mamia ya watu wakafa.

Watu wasiozoea hudhani kupanda ndiko kugumu. Waliotembea wanajua kwamba kushuka ndiko kunakoharibu miguu. Mwili mzima unasukumwa mbele, kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na baada ya saa sita kucha inageuka nyeusi. Magoti yanabeba uzito ambao kwenye tambarare yasingeuhisi. Ndiyo maana wazee wa mlimani hushuka kwa mwendo wa pembepembe, kama mbuzi, wakikata upande huu na ule badala ya kwenda moja kwa moja. Vijana huwacheka asubuhi. Jioni, wakifika Mbale, wanawaomba mafuta ya kuchua.

Kutoka Mbale njia ni mbili. Ipo ya Tirinyi, inayokata moja kwa moja kuelekea Iganga, nayo huchukua wengi. Na ipo ya Tororo, kilomita 45 hivi kuelekea kusini, inayowakutanisha watu wa mlimani na wale wanaotoka Malaba.

Mahujaji wa Kenya wana milima yao. Anayetoka Nakuru kwa barabara ya Eldoret anapita Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700, ambako Mei asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa sigara. Kutoka hapo anateremka siku baada ya siku: Burnt Forest, Eldoret, Turbo, Webuye, Bungoma. Anapoukanyaga mto Malaba ameshuka takriban mita 1,500 na ametembea karibu kilomita 280. Baridi aliyojifungia sweta imekwisha, na hapo ndipo hatari nyingine inapoanza.

Hatari hiyo ni mbu. Ukanda wa Tororo ulikuwa miongoni mwa maeneo yenye malaria kali kupindukia duniani. Watafiti waliokamata mbu Nagongera, mji mdogo magharibi mwa Tororo, mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa majumbani, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014, ulishusha hali hiyo sana, lakini ugonjwa haujaondoka. Mwenyeji mtu mzima ameumwa tangu utotoni na mwili wake umejifunza kupambana. Mtu wa Timboroa, Nyahururu au Kapchorwa hana kinga hiyo. Analala sakafuni kwenye ukumbi wenye madirisha wazi, anaumwa usiku, anaendelea na safari bila dalili yoyote, na homa inampata baada ya wiki moja na zaidi, akiwa Namugongo au ameshapanda basi la kurudi nyumbani. Akifika zahanati ya huko mlimani, muuguzi anaweza asifikirie malaria. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu asiondoke bila chandarua, amwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na akirudi akapatwa na homa aseme waziwazi: nimetoka Tororo, nipimeni malaria.

Jambo la pili ni radi. Kumbukumbu za hali ya hewa za miaka ya 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na kwa sababu hiyo jina lake likaingia kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani inakutana na joto la tambarare na vilima vya mpakani, na mchana mawingu yanafura. Viongozi wazoefu wanaifahamu saa yake. Wanawaamsha watu saa tisa au saa kumi usiku, wanatembea mpaka saa tano asubuhi, wanapumzika jua likiwa kali, na ifikapo alasiri wanataka kila mtu awe chini ya paa. Mvua ikiwakuta njiani, hawaruhusu mtu ajikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake shambani. Msalaba wenye chuma nao hulazwa chini.

Jioni ndipo hija inapoonekana kwa karibu. Ukumbini mikeka imetandikwa ukutani hadi ukutani. Beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi linazungushwa, na mtu anainamia mguu wa mtu asiyemjua. Lengelenge halikatwi. Sindano inapitishwa kwenye moto wa kiberiti, lengelenge linatobolewa pembeni, uzi unaachwa ndani ili maji yachuruzike usiku kucha, na ngozi inabaki kukifunika kidonda. Hivyo ndivyo mahujaji walivyorithishana, ingawa wauguzi wanaofuatana nao siku hizi wanakataza uzi kwa sababu unaingiza uchafu, wakisema inatosha kutoboa kwa sindano safi na kufunga kwa bandeji. Wauguzi wasikilizwe. Asubuhi kabla ya soksi yanapakwa mafuta ya mgando katikati ya vidole, na kiatu kinachovaliwa ni cha zamani. Kiatu kipya kilichonunuliwa kwa heshima ya safari kimewarudisha wengi nyumbani kwa matatu.

Huko Ulaya kuna njia ya hija maarufu kuliko zote, ile ya Mtakatifu Yakobo inayoishia Santiago de Compostela, Hispania. Hatua yake inayosifiwa kwa ugumu ni kuvuka milima ya Pyrenees kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Roncesvalles, kilomita 25 hivi, ambapo njia inapanda hadi mita 1,430. Ni chini kidogo ya kilele cha Jiwe la Tororo, na ni karibu nusu ya Timboroa. Tofauti kubwa iko kwenye matunzo. Kule kila njia panda ina mshale wa manjano, kila kijiji kina nyumba ya kulala mahujaji, na anayefika anapewa hati. Mwaka 2024 hati hizo zilikaribia 500,000. Serikali na wenye biashara wamejua kwamba mtu anayetembea anakula, analala na ananunua dawa, na vijiji vilivyokuwa vinakufa vimefufuka.

Njia ya Busia na Tororo haina mshale hata mmoja. Inaishi kwa nguvu ya parokia, jumuiya ndogondogo na kumbukumbu ya mtu aliyewahi kuipita. Kuna uzuri katika hali hiyo, kwa kuwa mgeni anapokewa na mtu wala si na mfumo. Lakini uzuri hauwezi kuwa kisingizio. Vyoo vya shule moja ya msingi havitoshi watu 300 kwa usiku mmoja, na kisima cha kijiji hakijachimbwa kwa ajili ya msafara.

Baada ya Tororo na Busia, njia mbili zinakutana kabla ya mji wa Bugiri na kuwa moja. Anayetembea kilomita 30 kwa siku ana siku saba hivi mbele yake. Anapita Iganga, ndani ya Busoga, nchi waliyozaliwa mashahidi Gonzaga Gonza na Matia Mulumba; huyu wa pili alitoka Bunya, kwa Chifu Luba yuleyule. Wanaotaka kuzuru mahali Hannington alipouawa huchepuka kuelekea Kyando, wilaya ya Mayuge. Jinja anavuka Nile, kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, au karibu nalo. Kisha Mabira, Lugazi, Mukono. Namugongo anaikuta basilika iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, ikizungukwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi wa Kikatoliki. Kando yake kuna ziwa dogo ambalo maji yake mahujaji huyachota kwenye chupa na madumu kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Wengi hurudi kwa basi. Njia ya kurudi kwa miguu haina msafara.

Mwaka 2020 na 2021 ugonjwa wa UVIKO-19 uliuzuia umati huo, na barabara ya Busia ikapitisha Mei bila nyimbo. Mwaka 2022 milango ilipofunguliwa, watu walirudi barabarani.

Linalowatisha waandaaji leo ni lori kuliko mlima, mbu au radi. Barabara hizi ndizo zinazobeba mizigo ya bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Matangi ya mafuta na makontena yanapita usiku na mchana, foleni ya Malaba hurefuka kwa kilomita nyingi, na madereva waliokesha hujaribu kufidia muda uliopotea. Pembezoni, ambako kijia cha waenda kwa miguu kingepaswa kuwa, mara nyingi kuna ukingo uliomomonyoka na mtaro. Saa kumi usiku, ambayo ni saa nzuri kwa kulikimbia jua, ni saa mbaya kwa macho ya dereva.

Yapo yanayowezekana bila kusubiri bajeti kubwa. Kundi litembee upande wa kulia, likiyatazama magari yanayokuja, kwa safu moja. Anayetangulia na anayefunga safu wavae fulana za kuakisi mwanga na washike tochi. Polisi wa Busia na wa Malaba, pande zote mbili, wapewe na waandaaji ratiba ya makundi mapema ili wajue usiku gani barabara ina watu. Halmashauri za pande zote zichimbe vyoo vya muda na kuweka matangi ya maji kwenye vituo vinavyojulikana kabla ya Mei 15, kwa kuwa vituo hivyo havibadiliki mwaka hadi mwaka.

Na wewe dereva unayepitisha gari lako Busia au Tororo katika siku kumi za mwisho za Mei: ukiona msalaba wa mbao kwenye taa zako, punguza mwendo, zima taa kali, na uwaachie nafasi wapite.